Bastola ya .22 Iliyoanza Kutawanya Risasi: Uchambuzi wa Kisa

Bastola inayochambuliwa hapa ni Ruger Mark II ya .22 (yaani risasi yake ina kipenyo cha takribani inchi 0.22) yenye mtutu mnene wa inchi 5.5, mali ya klabu moja ya ulengaji shabaha katika jimbo la Ohio, Marekani. Ulengaji wa bastola kwa mkono mmoja ni mchezo wa siku nyingi katika jimbo hilo, ambako mashindano ya kitaifa yalianza kufanyika Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, mwaka 1907. Klabu huwaazima wanachama wapya bastola hiyo mpaka watakaponunua za kwao, kwa hiyo imepita katika mikono mingi, imefunguliwa na kufungwa na watu wa viwango mbalimbali vya ujuzi, na hakuna mtu mmoja anayeweza kueleza historia yake yote. Kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa haibagui mpigaji. Kisha ikaanza kutawanya risasi.

Katika mchezo huo risasi za taratibu hupigwa kutoka yadi 50, yaani mita 45.7, kwenye karatasi ambayo duara lake la kumi lina kipenyo cha milimita 85 hivi. Bastola nzuri ya .22 ikiegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, na ikipewa risasi inayoipenda, inatarajiwa kuweka risasi kumi zote ndani ya duara hilo na nafasi ibaki. Hii ilikuwa ikitoa matundu mpaka kwenye duara la saba, nje kabisa ya weusi wa katikati. Katika daftari la klabu kulikuwa na malalamiko mengine mawili yaliyoandikwa kwa tarehe tofauti na kwa mikono tofauti: kwamba baadhi ya risasi ziligoma kulipuka mpaka zitolewe, zizungushwe kidogo na kurudishwa, na kwamba risasi ambayo haijapigwa ilikuwa ngumu kuitoa kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) kwa kuvuta bolti (kipande cha chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma) kwa mkono. Kila lalamiko lilikuwa limepewa maelezo yake. Mtawanyiko ulielezwa kuwa ni ugeni wa wapigaji, kugoma kulipuka kukasemwa ni risasi za bei rahisi, na ugumu wa kutoa ukahesabiwa kuwa ni uchafu. Kila maelezo yaliingia akilini, na kwa sababu hiyo hakuna aliyefikiria kuyasoma malalamiko yote matatu pamoja.

Matengenezo ya mwanzo yalifanywa kwa haraka ya watu wenye nia njema. Katika alasiri moja mtutu ulisafishwa kwa brashi ya shaba, skrubu za kilengeo cha nyuma zikakazwa, na risasi za kiwanda kingine zikanunuliwa. Mtu mmoja alipiga risasi tano, zikakaa vizuri, kazi ikatangazwa kuwa imekwisha. Wiki iliyofuata mtawanyiko ulikuwa palepale. Kosa la kwanza hapo ni kubadilisha mambo matatu kwa pamoja, kwa sababu hata kama bastola ingepona kweli, asingejulikana mganga aliyeiponya. Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kuamini kundi la risasi tano. Bastola inayotawanya haitawanyi kila risasi kwa kiasi kilekile; mara nyingine risasi tano hufuatana karibu karibu kwa bahati tu, na mtu aliyekwisha kutumia fedha na jasho huwa tayari kuikubali bahati hiyo kama ushahidi. Makundi ya risasi kumi, yakirudiwa mara kadhaa bila kuchagua lililopendeza, ndiyo kipimo cha chini kabisa kinachofaa kuaminiwa.

Uchunguzi ulianza upya kwa swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya mengine yote: je, tatizo liko kwenye mkono au kwenye bastola? Wapigaji wawili wazoefu walikaa mezani, mpini wa bastola ukiegemezwa kwenye mfuko wa mchanga bila mtutu kugusa kitu, wakapiga kwa zamu bastola hiyo na nyingine ya aina ileile iliyokuwa na sifa njema, kwa risasi za boksi moja. Bastola ya pili ilibaki ndani ya duara la kumi mikononi mwa wote wawili. Ile mbovu ilitawanya mikononi mwa wote wawili. Hapo ugeni wa wapigaji uliondoka kwenye orodha ya watuhumiwa, na lilijitokeza jambo ambalo karatasi za siku zilizopita, zilizojaa makosa ya mikono ya wanafunzi, zilikuwa zimelificha: matundu hayakutawanyika kwa umbo la duara. Yalijipanga kama mkanda, yakianzia karibu na katikati na kupanda juu, yakiegemea kulia kidogo.

Kilengeo cha nyuma kilifuata. Umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma katika bastola hii unakaribia milimita 200, na shabaha iko mita 45.7, kwa hiyo kosa lolote la kilengeo hukuzwa zaidi ya mara 220 linapofika kwenye karatasi. Mlegeo wa sehemu ya kumi ya milimita, ambao jicho haliuoni, unatosha kusogeza tundu kwa milimita 23. Kilengeo hicho kilipobanwa pembeni kwa kidole gumba kilisogea kidogo sana, na springi yake ikabadilishwa. Mtawanyiko wa kushoto na kulia ulipungua kidogo. Mkanda wa kwenda juu haukuguswa. Upande huu bastola za muundo huu zina faida moja inayorahisisha kazi: mtutu umekazwa kwa uzi ndani ya mwili wa bastola, na bolti hutembea ndani ya mwili huohuo, kwa hiyo kilengeo cha mbele kilicho juu ya mtutu na cha nyuma kilicho juu ya mwili haviwezi kupishana kama inavyotokea katika bastola ambazo mtutu hutolewa wakati wa kusafisha.

Risasi zenyewe ndizo zilizotetewa na kushambuliwa kuliko kitu kingine chochote. Ni kawaida ya wapigaji kuanza kulaumu risasi, na sidhani sababu ni ya kiufundi. Risasi huuzwa kwa boksi, hivyo ni rahisi kununua tumaini jipya kuliko kufungua bastola. Hata hivyo tuhuma hii ilistahili kupimwa kwa sababu mtawanyiko ulikuwa wa wima, na tofauti ya kasi kati ya risasi na risasi hutawanya kwa wima. Hesabu yake si ngumu. Risasi ya .22 ya kasi ya kawaida hutoka kwenye mtutu mfupi kama huu kwa takribani mita 280 kwa sekunde, na hufika yadi 50 baada ya sekunde 0.16 hivi, ikiwa imeshuka kwa sentimita 13. Ikitoka kwa mita 290, itashuka kama sentimita 12. Kwa maneno mengine, kila tofauti ya mita 10 kwa sekunde huleta tofauti ya milimita 9 kwenye karatasi. Kipima kasi kilionyesha kwamba bastola hii kweli ilikuwa na kasi zilizopishana kuliko mwenzake, kwa risasi zilezile za boksi lilelile, lakini kupishana huko kulitosha kueleza sehemu ndogo tu ya urefu wa mkanda. Swali zito zaidi likawa ni kwa nini risasi za boksi moja ziwe tulivu katika bastola moja na zipishane kasi katika nyingine. Risasi haiwezi kujua imewekwa ndani ya bastola gani. Chochote kilichokuwa kikiharibu kasi yake kilikuwa ndani ya bastola.

Mdomo wa mtutu ulikaguliwa kwa kuzungushiwa pamba ya masikio, ambayo nyuzi zake hunasa palipo na kijino cha chuma, lakini haikunasa popote. Ndani ya mtutu palikuwa na mabaki ya madini ya risasi, jambo lisilo la ajabu kwa kuwa kichwa cha risasi ya .22 ni cha madini laini yasiyofunikwa kwa shaba na hutegemea nta au mafuta yaliyopakwa juu yake. La ajabu ni mahali yalipokuwa. Mafuta yakiisha mapema, mabaki hujikusanya karibu na mdomo. Mtutu ukiwa umekwaruzika, hupatikana palipokwaruzika. Haya yalikuwa mbele kidogo tu ya chemba, upande wa juu peke yake, vipande vyembamba vinavyong’aa kama vimekunwa kwa kisu. Fimbo ya kusafishia ilikuwa ikivitoa kila mara, na kwa sababu vilitoka kwa urahisi, waliosafisha walivihesabu kuwa uchafu uliokwisha.

Baada ya hapo jaribio lililomaliza ubishi halikuhitaji hata kupiga risasi. Kwenye mstari wa kupigia, mtutu ukielekezwa kwenye shabaha, risasi nzima iliingizwa chemba kwa nguvu ya kawaida ya bolti, kisha ikatolewa bila kupigwa. Ilitoka kwa shida, kama daftari lilivyosema. Juu ya kichwa chake, kuanzia mdomo wa ganda kwenda mbele, palikuwa na mfereji mpya mweupe, na pembeni mwa mfereji huo unyuzi mdogo wa madini ukining’inia. Nyingine ikaingizwa na kutolewa: mfereji upande uleule wa juu, lakini huu ulikuwa mfinyu zaidi. Ya tatu ilikuwa na alama hafifu tu. Risasi zilizoingizwa na kutolewa kwenye bastola ya pili zilitoka safi.

Kwa tochi na kioo cha kukuzia, chanzo kilionekana kwenye ukingo wa juu wa mlango wa chemba. Palikuwa na bonde dogo la mstatili, upana sawasawa na ncha ya pini ya kufyatulia, na chuma kilichosukumwa kutoka kwenye bonde hilo kilikuwa kimevimba kuelekea ndani ya chemba na kufanya kinundu chenye ukali. Kila risasi iliyoingia ilipita chini ya kinundu hicho na kukwanguliwa.

Ili kuelewa bonde hilo lilivyotokea ni lazima kukumbuka risasi ya .22 inavyolipuka. Risasi hii, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1887 kwa jina la .22 Long Rifle, haina kofia ya baruti katikati ya kitako. Baruti ya kuanzisha mlipuko imejazwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako chote, na pini huubana ukingo huo dhidi ya chuma cha mlango wa chemba mpaka baruti ipondeke. Kwa hiyo pini ya bastola ya .22 imeelekezwa moja kwa moja kwenye chuma cha mtutu, na shaba nyembamba ya ganda ndiyo pekee inayosimama kati yao. Chemba ikiwa tupu na triga ikivutwa, pini huenda mbele bila kizuizi. Katika bastola za mfululizo huu mtengenezaji aliliona jambo hilo mapema, akapitisha kipini kidogo cha kukingama ndani ya bolti ili kisimamishe pini ya kufyatulia kabla haijagusa mtutu. Kitabu cha maelekezo kinaonya waziwazi kwamba bastola isifyatuliwe tupu kama kipini hicho hakimo. Bolti ya bastola ya klabu ilipofunguliwa, tundu la kipini lilikuwepo. Kipini hakikuwemo.

Hakuna anayejua kilitoka lini. Kipini hicho hakina uzi wala skrubu, na bolti ikiinamishwa wakati wa kusafisha kinaweza kuteleza na kudondoka kwenye zulia bila sauti. Bastola ikifungwa bila hicho hupiga kama kawaida, kwa sababu ganda la risasi ndilo linalopokea pigo. Lakini hii ni bastola ya wanafunzi, na mwanafunzi wa ulengaji hufundishwa kufyatua bastola tupu mara nyingi ili azoee kuvuta triga bila kutikisa kilengeo. Ni zoezi jema na sioni sababu ya kuliacha. Katika bastola hii kila mvuto wa zoezi hilo ulikuwa nyundo juu ya ukingo wa chemba.

Msomaji makini atauliza: ikiwa kinundu kiko mahali pamoja na kila risasi inakwanguliwa upande uleule, kwa nini matundu yatawanyike badala ya kuhama yote kwa pamoja? Jibu liko katika zile risasi tatu za majaribio. Upande ulikuwa mmoja lakini kiasi hakikuwa kimoja. Mtutu wa .22 kwa kawaida huizungusha risasi mara moja katika kila inchi 16, kwa hiyo kwa kasi ya mita 280 risasi huzunguka karibu mara 690 kwa sekunde. Kitovu cha uzito wake kikiwa nje ya mhimili kwa sehemu moja ya mia ya milimita, inapoachiwa na mtutu hutupwa pembeni kiasi cha kufika yadi 50 ikiwa imekosea kwa milimita 7 hivi. Unyuzi wa madini uliokwanguliwa huenda ukahamisha kitovu kwa sehemu moja au mbili za mia; kichwa kinachosukumwa na kinundu kikaingia kwenye mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi, kikiwa kimeinama hukihamisha zaidi. Na kwa kuwa mtutu ni uleule na mzunguko ni uleule, kila risasi hutupwa upande uleule, moja kidogo, nyingine sana. Hivyo ndivyo matundu yanavyojipanga kama mkanda. Laiti mtu angeziangalia karatasi za mezani mapema na kujiuliza kuhusu umbo badala ya kupima upana tu, boksi nyingi za risasi zingebaki dukani.

Malalamiko mengine mawili yakajieleza yenyewe. Risasi ilikuwa ngumu kutoka kwa sababu kinundu kilikuwa kimeishika. Iligoma kulipuka kwa sababu mahali hasa ambapo ukingo wake ulihitaji chuma cha kuegemea ndipo palipokuwa na bonde, na pini ilikuwa ikiisukuma shaba ndani ya bonde hilo badala ya kuiponda baruti. Kuizungusha risasi na kuijaribu tena kulisaidia mara kwa mara, kwani ukingo uliokwisha kupigwa ulihamishwa na pini ikapata sehemu mpya. Baruti inayopondwa nusunusu huwasha kwa nguvu zisizolingana, na hapo ndipo kasi zilipoanza kupishana.

Ukarabati ulifanywa na fundi bunduki, na ilikuwa sahihi kumwachia. Kishawishi cha kuchukua tupa ndogo na kukisugua kinundu ni kikubwa, lakini tupa huondoa chuma, na chemba iliyopanuliwa upande mmoja haiwezi kurudishwa. Fundi alitumia chombo cha chuma kigumu chenye umbo la chemba na ncha iliyopungua kidogo, akakipaka mafuta, akakiingiza taratibu huku akikizungusha na kukikandamiza upande wa kinundu, mpaka chuma kilichovimba kikarudishwa kwenye bonde kilikotoka. Akang’arisha mlango wa chemba kidogo tu. Ncha ya pini ya kufyatulia, iliyokuwa imevimba kingo kwa kugonga chuma, ilibadilishwa, na kipini kipya cha kukingama kikarudishwa mahali pake. Katika vitu vyote vilivyonunuliwa kwa ajili ya bastola hii, kipini ndicho kilichokuwa na bei ndogo kuliko vyote.

Marudio ya majaribio yalifuata utaratibu uleule na risasi za aina ileile, bila kubadilisha kitu kingine. Risasi iliyoingizwa na kutolewa ilitoka kwa vidole viwili, kichwa chake kikiwa na mafuta yasiyoguswa. Makundi ya kwanza hayakupendeza sana, kwani mtutu uliosafishwa kabisa huhitaji risasi kadhaa mpaka mafuta yajipake upya ndani yake, na mtu asiyelijua hilo angeweza kudhani ukarabati umeshindwa. Baada ya hapo mkanda ulitoweka. Matundu yalirudi kuwa kundi la mviringo ndani ya duara la kumi, ingawa lilikuwa pana kidogo kuliko la bastola ya pili. Kugoma kulipuka hakukuonekana tena. Sasa ndipo ilipofaa kulinganisha risasi za viwanda mbalimbali, na moja kati ya zile zilizokuwa zimehukumiwa na kuwekwa kando ndiyo iliyofanya vizuri kuliko zote.

Klabu imeweka utaratibu kwamba kila anayerudisha bastola hiyo aisukume pini ya kufyatulia kwa kitu chembamba, bolti ikiwa nje, na kuhakikisha inasimama kabla ya kufika mwisho, na kwamba mazoezi ya kufyatua tupu yafanywe huku chembani kumewekwa plagi ya plastiki ya ukutani, ile ya manjano inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ambayo kwa bahati njema hutosha vizuri katika chemba ya .22. Fundi ameeleza kwamba chuma kilichorudishwa hakina nguvu ya kile cha mwanzo, na kwamba ukingo huo ukipigwa tena kwa namna ileile huenda usikubali kunyooshwa mara ya pili. Itakapofika hapo, kazi itakayobaki ni kubadilisha mtutu.